Tumekuja Kusavei

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kama kuna neno lililowahi kunitoa roho ni kusavei. Nomino yake nilikuwa nimeshaivumilia. Savei ilikuja Karatu na watu wa viwanja, wale wanaosimika mawe ya mipaka, na mtu akikwambia kiwanja chake kimefanyiwa savei unamwelewa, yameisha. Lakini vijana wetu waliichukua nomino ile wakaipachika ku- mbele, wakaanza kuinyambua kana kwamba tumeirithi kwa babu. Dereva wa watalii anakwenda kusavei hoteli. Mama wa sokoni anasavei bei ya nyanya kabla hajafungua mkoba. Kijana akipita mara mbili mbele ya duka lenye muuzaji mpya wa kike, wenzake wanasema huyo anasavei. Nimewahi kusahihisha insha iliyoanza, "Siku ya Jumapili tuliwasavei ndugu zetu," nikachora mstari mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana mdogo wangu ni dereva wa watalii na baba mdogo ni mwokota maneno. Baba mdogo analima mahindi na vitunguu upande wa Oldeani, kanisani hukaa benchi la mbele, na akisikia neno jipya hulala nalo. Nilimwambia mara nyingi kwamba Kiswahili kina kuangalia, kina kutazama, kina kuchunguza na kukagua, hatuna haja ya kwenda kuazima kwa watu. Alinijibu kwamba kuazima si kuiba.

Mwaka ule mdogo wangu alitaka kuoa. Msichana mwenyewe ni Mmasai wa Nainokanoka, lakini anaishi hapa Karatu, ana cherehani yake kwenye kibaraza karibu na stendi, na mama yangu alikuwa amempenda tangu siku alipompunguzia gauni la kanisani bila kuambiwa wapi panambana. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba ukoo wetu haupeleki posa kwenye nyumba usiyoijua. Kwanza wanakwenda watu wawili au watatu kwa kisingizio chochote, wanakaa, wanapewa maji, wanaangalia. Mgeni anapokelewaje, watu wanaongeaje na majirani, kuna ugomvi wa zamani au hakuna. Hawasemi walichofuata. Ukishasema umeshaposa, na mtu aliyeposa akirudi nyuma amewatukana watu kwao. Mwoaji mwenyewe haendi kabisa.

Msichana naye alikuwa na lake. Kuna ukoo mwingine wa kule kwao ulikuwa umeshampelekea baba yake asali ya kumposa. Baba hakuwa amekubali wala kukataa. Mama yake alikuwa upande wake, na alikuwa anazungumza na mzee polepole, maana yule mzee ukimharakisha anafunga mlango. Siku nilipompelekea sketi ya kukunjwa aliniomba jambo moja tu, akikata uzi kwa meno.

"Dada, mkienda msinitaje. Baba akilisikia kwa watu kabla ya kulisikia kwa mama, nitaozwa kule kule."

Nikamwahidi. Kwa hiyo tulipoondoka Karatu nilikuwa nimebeba ahadi hiyo, na baba mdogo amebeba kofia yake mpya na neno lake. Wiki nzima alikuwa akimwambia kila jirani kwamba Jumamosi tunakwenda mahali kusavei. Kisingizio chetu kilikuwa mbuzi. Kwenye geti la hifadhi tulisema mbuzi, na rafiki wa mdogo wangu aliyetuendesha, dereva mwenzake, alikuwa ameshashughulikia vibali. Alitubeba kwenye gari la kazini kwake, refu, la rangi ya majani makavu, lenye antena juu. Hakuna aliyewaza kitu kuhusu gari lile. Kwetu sisi magari ya namna hiyo ni kama kuku, yapo kila mahali.

Ukingoni mwa kreta palikuwa na ukungu, watalii wamesimama pale pa kutazamia wanapiga picha ya weupe mtupu. Tukawapita. Huko mbele njia ilikuwa ya matope, baridi inaingia kwenye vifundo vya miguu, na baba mdogo akawa anasimulia habari za vitunguu. Tulifika Nainokanoka ukungu ukiwa umeanza kuinuka. Boma tulielekezwa na mwenye duka, mtu mpole aliyekuwa anapanga sabuni. Tulimuuliza wapi tunaweza kupata mbuzi, tukataja ukoo wa msichana kama kwa bahati tu.

Pale bomani wanaume walikuwa wameshatoka na ng'ombe. Dereva akateremka na simu, akapiga picha ya nyumba na ua, maana mama yangu alikuwa ameagiza picha. Mimi nikawa natafuta pa kupiga hodi. Baba mdogo alinyoosha mgongo, akatazama ule uwanda wa majani mbele ya boma, na mkulima aliyemo ndani yake akaamka. Aliinama akachota udongo, akaunusa. Halafu akaanza kutembea kwa hatua ndefu kutoka kwenye ua kuelekea kijitoni, midomo inacheza, akihesabu. Ndivyo anavyofanya kila anapoona ardhi, hata kwenye mazishi. Kule ndani ya hifadhi watu hawaruhusiwi kulima hata bustani ya mchicha, na yeye alikuwa anapima ekari.

Mwanamke akatoka kwenye nyumba ya kwanza. Nilimtambua bila kutambulishwa, kwa sababu uso ulikuwa ule ule ninaouona pale kibarazani, umeongezwa miaka tu. Alikuwa anakuja upande wangu, na naapa alikuwa ameanza kutabasamu. Kisha akamwona baba mdogo akigeuka kule kijitoni na kuanza kurudi kwa hatua zake. Akasimama.

Alimuuliza kwa Kiswahili anafanya nini pale.

"Tumekuja kusavei tu, mama," baba mdogo alisema, kwa adabu kabisa, akavua kofia.

Yule mama hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaita jina, akatoka mwanamke mwingine, na mwingine, na wa tatu akawa tayari na simu sikioni anaongea Kimasai haraka haraka. Katika maneno yote nililisikia moja tu, savei, savei, likirudiwa. Nilimwambia baba mdogo arudi garini. Alikuwa bado anatabasamu.

Wanaume walikuja kwa makundi madogo, kutoka kila upande, hawakimbii. Mmoja alifungua mlango wa dereva akachomoa ufunguo. Mwingine aliomba simu, akatazama picha zilizopigwa, akamwonyesha mwenzake, na ile simu ikazunguka mikononi. Fimbo moja iliwekwa juu ya boneti, ikaachwa hapo. Tukaambiwa tukae kwenye gogo lililokuwa nje ya ua. Dereva wetu, kijana ambaye Karatu hanyamazi, alikuwa anaitazama ile fimbo tu. Mimi nilikuwa na hofu, nisidanganye, lakini nilikuwa na hasira pia. Nilikuwa nawaza kwamba watu wazima wanatuzuia kwa sababu ya kitenzi kibovu.

Mwenye duka akaja kuwa mkalimani. Ule upole wa sabuni ulikuwa umekwisha.

"Savei ya nani?" aliuliza.

"Ya kwetu wenyewe," baba mdogo alijibu. "Ya familia."

"Mmetumwa na nani?"

"Na wazee."

Alikuwa anasema kweli tupu, na kila ukweli ulikuwa unatuzika. Nikamkatiza. Nikasema jamani, mimi ni mwalimu, hatukuja kufanya savei yoyote, huyu mzee ametumia neno vibaya, tulikuja kuangalia tu. Kuangalia nini? Nikasema mazingira. Nilipoona uso wake nikajua mazingira ni neno la ofisini. Nikasema basi si mazingira, tulikuja kujionea hali ya watu wanavyoishi. Hilo lilikuwa baya zaidi. Nikajaribu kuchunguza, nikakiacha katikati. Kukagua sikukifikisha mdomoni. Kupima sikuthubutu hata kukiwaza. Maneno yote mazuri niliyokuwa namfundisha baba mdogo yalikuwa yamewahi kupanda barabara ile kabla yangu, yameteremka kwenye gari kama letu, yamesalimia watu kwa adabu. Nilikaa pale na Kiswahili changu chote nikakosa neno moja safi.

"Mwalimu, huko kwenu mtu anasavei," mwenye duka aliniambia. "Hapa hakuna mtu anasavei. Hapa savei inakuja."

Akanieleza, bila kupandisha sauti, inavyokuja. Kwanza watu wenye salamu nzuri. Wanauliza nyumba ni ya nani, ina vyumba vingapi, wazee wamezikwa wapi. Wanapiga picha. Hawagombani na mtu. Halafu wanaondoka, na wewe unabaki hulali, kwa sababu hujui kilichoandikwa, na mtu wa jamaa yako aliyeko mbali anapiga simu kuuliza kama ni kweli mnahamishwa. Akauliza tena kama tuna la kusema kabla hawajaita watu wa kata nzima. Alinikumbusha kwamba tulisema tumekuja kununua mbuzi. Mbona hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mbuzi wako wapi?

Baba wa msichana alifika wakati huo. Mrefu, amejifunga shuka nene, uso hausomeki. Alinisalimia kwa desturi yao, "Takwenya," nikajibu "Iko" kama nilivyofundishwa na binti yake, na alinitazama mara moja tu kwa jinsi nilivyojibu. Akaelezwa. Akaishika ile simu yenye picha, nyumba ya mke wake ikiwa katikati, akazitazama muda mrefu.

Hapo maji yalikuwa yamezidi unga. Kulikuwa na jibu moja tu ambalo lingetutoa, nami nilikuwa nimeahidi kutolisema. Nikamwomba mwenye duka nizungumze na mzee pembeni, peke yake. Alikataa. Jambo la ardhi haliendi pembeni, alisema, waliokwenda pembeni ndio waliotuponza. Baba mdogo aliponiona nanyanyuka alinishika mkono, akaniambia kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, ninyamaze, heri tulale pale kuliko kumwozesha mtoto wa watu asikotaka. Alikuwa ameelewa mwishowe. Na mimi nilijua anasema kweli. Lakini nilitazama ile fimbo kwenye boneti, nikamtazama yule kijana dereva, nikatazama wale wanawake waliosimama pamoja wameshikana mikono kana kwamba sisi ndio tuliokuwa na fimbo. Hao ndio walionishinda. Sikuweza kuwaacha walale na hofu ile ili mimi nitunze siri ya harusi. Tena wanasema mficha uchi hazai.

Nikasema. Nikasema mbele ya wote kwamba mdogo wangu anampenda binti wa boma hili, kwamba tulikuja kuona nyumba kabla ya kuleta posa, kwamba ndiyo savei yetu yote. Mwenye duka hakutafsiri mara moja. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika. Nikamwambia atafsiri.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza. Baba hakucheka. Hakumtazama mke wake pia. Alisema jambo fupi, na mwenye duka akaniambia mzee anasema hata watu wa savei wanaweza kutunga hadithi. Atampigia binti mwenyewe.

Mtandao pale chini ulikuwa umeshapotea. Ilibidi tupande kilima, wote, sisi katikati, wanaume mbele na nyuma, wanawake wakifuata. Nimepanda vilima vingi tangu nizaliwe, huo ndio mrefu kuliko vyote. Nilikuwa naomba asipokee. Halafu nikawa naomba apokee. Akisema hatujui, yeye amepona na sisi tumekwisha. Akisema anatujua, sisi tumepona na yeye amekubali mbele ya ukoo kwamba alimzunguka baba yake, na ile asali ya watu ingali nyumbani. Nilimfanyia hivyo msichana ambaye hakuwahi kunikosea kitu.

Mzee aliweka sauti kubwa. Tulisikia cherehani kwanza, kisha ikanyamaza. Alizungumza Kimasai taratibu, na mwenye duka akanitafsiria sikioni: kuna watu hapa kutoka Karatu, mwanamke mwalimu na mzee mwenye kofia, wanasema wanakujua, je, unawajua?

Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu. Nilimwona mama yake ameziba mdomo kwa shuka.

Binti alipojibu alijibu kwa swali. Mwenye duka alisita, akanitafsiria.

"Anauliza kama mmepewa maziwa."

Baba yake akarudia swali lake, safari hii kwa ukali. Na msichana yule, ambaye hakutuita, ambaye alitusihi tusimtaje, akasema maneno machache ambayo hata kabla hayajatafsiriwa niliona yakipita kwenye nyuso za watu.

"Anasema anawajua," mwenye duka aliniambia. "Anasema amewaita yeye."

Mzee akakata simu. Alisimama akiutazama upande wa Karatu, ambao kutoka pale hauonekani, kwa muda ambao sikuweza kuuvumilia, nikainamisha kichwa. Aliyesogea kwanza alikuwa yule aliyechomoa ufunguo. Alimrudishia dereva, na picha zile zikafutwa mbele yetu. Watu wakaanza kuteremka. Ndipo mzee aliponigeukia, akaongea Kiswahili kwa mara ya kwanza, kumbe alikuwa nacho muda wote.

"Kila anayekuja kutazama hapa anataka kuondoka na kitu," alisema. "Ninyi angalau mmekitaja."

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa ajili ya binti. Akasema binti ni wake, hilo nimwachie. Asali ya wale watu ataijibu yeye mwenyewe, nayo haitakuwa kazi ndogo. Sisi turudi kwetu, mvua zikikatika tuje na asali yetu, tuje kwa mlango, na yule mzee wetu aje, lakini akiwa pale asihesabu kitu. Baba mdogo alisema ndiyo, ndiyo, mara nyingi, na kofia iko kifuani. Nilitaka kucheka na kulia, na nililia.

Mama wa msichana alitusindikiza mpaka garini. Alikuwa ameingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, akanipa ninywe, akampa baba mdogo, akampa dereva, kisha akafunga kibuyu na kuniwekea mapajani nimpelekee mama yangu. Nikamwambia asante, na kwamba hakuwa na haja ya kuhangaika, sisi tulikuwa wageni asiowajua.

Alishika mlango wa gari, hakuufunga.

"Nilikuwa nawajua, mwalimu. Binti alinipigia jana. Gari ikipanda kule nilisema, hao ni wakwe zangu, na maziwa nikayaweka. Halafu mzee wenu akasema ile neno, na mimi nikasahau kama nina binti."

Nilimwambia pole. Akasema asante, akafunga mlango.